Tuling'oa Nyasi za Marehemu Baba, Tukarudisha Mimea ya Kwetu

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki dunia alfajiri moja ya mwishoni mwa Oktoba 2022. Zilikuwa siku ngumu kwa wakazi wa Dar es Salaam: mvua za vuli zilikuwa zimechelewa, Mto Ruvu ulikuwa umepungua mno, na maji ya bomba yalitoka kwa mgawo. Hata hivyo mambo ya mazishi yalikwenda vyema. Sanda ilipatikana, kafuri ilipatikana, waoshaji walifika kabla jua halijapanda, na katika tangi letu yalikuwamo maji ya kutosha. Kilichokosekana kilikuwa kitu kidogo ambacho hakuna aliyekifikiria: majani ya mkunazi.

Kila Mwislamu wa pwani anaijua kazi ya majani hayo. Hupondwa yakatiwa katika maji ya kuoshea maiti, nasi tumeyapokea hayo kutoka katika mafundisho ya Mtume Muhammad (s.a.w.), aliyewaelekeza wanawake waliomwosha binti yake watumie maji na mkunazi, na katika mwosho wa mwisho watie kafuri. Nyumba yetu ina uwanja wa mita 12 kwa 10, mpana kuliko viwanja vingi vya mtaa ule. Katika uwanja wote huo hapakuwa na jani moja la mkunazi, wala la mti mwingine wowote. Palikuwa na nyasi tu.

Majani yaliletwa na jirani yetu, bibi mmoja mjane. Aliyachuma kwa mikono yake kutoka katika mti uliosimama kwenye uwanja wake usiozidi hatua saba, akayaweka katika ungo, akamtuma mjukuu wake ayalete. Baba akaoshwa, akasaliwa, akazikwa kabla ya Alasiri.

Jioni ile, tulipokuwa tumekaa jamvini juu ya nyasi zilizokauka kwa mgawo zikawa na rangi ya makuti, kaka yetu mkubwa alilitamka jambo ambalo sote tulikuwa nalo moyoni. Bibi yule ndiye aliyekuwa akija getini kwetu na dumu lake kila kiangazi. Baba hakumnyima maji hata siku moja, na kwa hilo tunamshuhudia. Lakini mara nyingi bibi alisimama akingoja mpira wa maji umalize zamu yake juu ya nyasi, ndipo dumu lake lijazwe.

Hatuandiki haya kumlaumu aliyetangulia mbele ya haki. Tunayaandika kwa sababu familia nyingi za Kiislamu mijini zina uwanja kama ule wetu, nazo huenda hazijajiuliza swali ambalo sisi tulilazimika kujiuliza siku ya msiba.

Uwanja wa bibi na bustani ya baba

Baba hakuzaliwa penye nyasi. Mama yake, bibi yetu wa Pangani, alikuwa na uwanja wa mchanga uliofagiliwa kila asubuhi kwa fagio la chelewa, mpaka ukabaki na mistari kama iliyopitishwa chanuo. Pembezoni mwake mlikuwa na mkadi, kivumbasi, mrehani, na mwafu uliotambaa juu ya ua wa makuti. Wanawake wa nyumba ile walifunga vikuba vyao kwa maua na majani waliyoyachuma hatua chache kutoka mlangoni. Hapakuwa na mmea uliomwagiliwa ila kwa maji yaliyobaki baada ya kuosha mchele au kutawadha.

Baba alipokuja Dar es Salaam akiwa kijana, kazi yake ya kwanza ilikuwa utunzaji wa bustani katika mitaa iliyoitwa uzunguni. Huko ndiko alikojifunza kukata nyasi zikawa sawasawa kama zulia. Mtindo huo ulitoka Ulaya ya kaskazini, na hasa Uingereza, ambako mvua nyepesi hunyesha karibu kila mwezi na nyasi hukaa na ukijani wake bila ya kunyweshwa. Mwanzoni ulikuwa fahari ya mabwana wenye mashamba makubwa na vibarua wengi wa kufyeka. Mwaka 1830 fundi Mwingereza, Edwin Budding, aliunda mashine ya kwanza ya kukatia nyasi, na fahari hiyo ikaanza kuingia katika uwezo wa watu wa kawaida. Watawala wa kikoloni walikuja na mtindo huo Afrika, wakazizungushia nyumba zao, nasi tukaurithi pamoja na nyumba hizo.

Kwa baba, basi, nyasi hazikuwa mapambo matupu. Kijana aliyezikata miaka mingi kwenye nyumba za watu alikuwa hatimaye na zake mwenyewe. Msomaji akilijua hilo ataelewa kwa nini kuziondoa hakukuwa kazi ya jembe peke yake.

Hesabu ya madumu

Siku moja ndugu yetu wa tatu, ambaye ni mwalimu wa hisabati, alichukua karatasi akatupigia hesabu. Watunza bustani hukadiria kwamba nyasi za mapambo, zikitakiwa kubaki kijani wakati wa jua kali, huhitaji maji ya kina cha milimita 25 kwa wiki. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Uwanja wetu una mita za mraba 120. Kwa hiyo ulihitaji lita 3,000 kila wiki, sawa na madumu 150 ya lita 20. Kiangazi chetu cha kuanzia Juni hadi Septemba kina wiki 17. Zidisha, utapata madumu 2,550.

Tuliinyamazia karatasi ile. Imepokewa katika hadithi sahihi, kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo ambacho hakifiki lita moja. Nasi tulikuwa tukitawadha bombani kwa uangalifu, tukiwafundisha watoto wasifungulie maji kwa nguvu, kisha tukitoka nje tukamwagia mmea usioliwa na mtu wala mnyama wa nyumbani, usiotoa kivuli, wala dawa, wala tunda. Aya ya 31 ya Surat Al-A'raf inatukataza israfu, na wengi wetu huisoma tukifikiria sahani za walima. Tulikuwa hatujapata kuifikiria tukiwa tumeshika mpira wa maji.

Si sisi peke yetu tuliofikishwa kwenye hesabu kama hii. Katika jimbo la Nevada nchini Marekani, mji wa Las Vegas umejengwa jangwani na hutegemea maji ya Mto Colorado, ambayo yamekuwa yakipungua. Mwaka 2021 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuzuia, kufikia mwisho wa mwaka 2026, maji ya mto huo yasitumike kunyweshea nyasi za mapambo za kando ya barabara na mbele ya majengo ya biashara. Ikiwa nchi tajiri imeona haya kulimwagia zulia, sisi tunaopanga foleni ya madumu tunangoja nini?

Mazungumzo baada ya eda

Mama alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi, na katika muda wote huo hatukugusa kitu. Mwanzoni mwa Machi 2023, eda ilipokwisha, tulikaa naye barazani. Dada yetu ndiye aliyelianzisha, kwa upole. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Nyasi hizi baba yenu alizipachika kishina kwa kishina, akiwa amepiga magoti. Mnataka nifungue dirisha asubuhi nisione alama yake hata moja?"

Hakuna aliyejibu. Baada ya kitambo mama mwenyewe akaendelea. Alituuliza kama tulikumbuka yale majani ya mkunazi yalitoka wapi. Tukasema tunakumbuka. Akasema kwamba tangu siku ile hakupata kutazama uwanja wake bila ya kuona haya, na kwamba jambo hilo hakumwambia mtu kwa kuwa hakutaka ionekane kama anamlalamikia mumewe angali mbichi kaburini.

Ndipo akatoa ruhusa yake, nayo ilikuwa na masharti matatu. La kwanza, mti wa kwanza kupandwa uwe mkunazi, na upandwe kwa nia ya sadaka ya marehemu. La pili, aachiwe mahali pa kutandika mkeka siku za Idi na za khitma, na wajukuu wapate pa kuchezea. La tatu, usiingizwe katika uwanja wake mmea ambao yeye haujui jina. Sharti hili la tatu lilituchekesha, lakini baadaye tuliona kuwa lilikuwa na hekima kuliko yote, kwani mimea aliyoijua jina ilikuwa karibu yote ni mimea ya uwanja wa bibi.

Kazi yenyewe

Tulikuwa na wiki chache kabla ya masika kukolea na kabla ya Ramadhani, iliyoingia mwishoni mwa mwezi uleule. Tunayaeleza tuliyoyafanya ili atakayetaka kuanza asirudie makosa yetu.

Kosa la kwanza lilikuwa kufyeka tu. Ukoka una mashina yanayotambaa chini ya udongo, na kipande chenye urefu wa kidole kikibaki ardhini huchipua upya. Wiki mbili baada ya kufyeka, uwanja ulikuwa kijani tena. Ilitubidi tulime kwa jembe, tuchambue mizizi kwa mikono, tuianike juani hadi ikauke kabisa. Sehemu iliyobaki tulijaribu njia nyepesi zaidi: tuliikata chini, tukailowesha, tukaifunika kwa maboksi makavu yaliyofunguliwa, kisha tukaweka juu yake majani makavu na makumbi ya nazi. Nyasi zikikosa mwanga hudhoofika, na maboksi huoza yakawa chakula cha udongo. Njia hii ni ya polepole, lakini haivunji mgongo.

Jambo la pili ni kupanda mvua zinapoanza. Mche wa asili haumaanishi mche usiohitaji maji. Mwaka wa kwanza, mizizi ikiwa bado mifupi, lazima unyweshwe kiangazi. Tulitumia maji ya kuoshea mchele na mboga, na maji ya udhu tuliyoyakinga katika beseni. Matandazo yasiwekwe juu ya shina lenyewe, maana shina likifunikwa huoza. Sisi tulipoteza miche minne kwa kutolijua hilo, na mingine miwili ililiwa na mbuzi wa jirani kabla hatujaziba ua.

Mahali pa mkeka wa mama tuliacha ukoka wa mita 3 kwa 4, nao haunyweshwi. Na hapa tuwe waadilifu: ukoka wenyewe ni mmea wa Afrika, na katika pwani yetu umeota tangu zamani kando ya njia na malishoni. Kiangazi hukauka juu, na mvua ikinyesha hurudi. Kosa lilikuwa letu sisi tuliotaka uwe kijani mwezi wa Agosti.

Mmea wa asili ni upi?

Tulidhani jibu ni rahisi, hata tulipoanza kuuliza. Mwarobaini, ambao kila mtu huuhesabu kuwa mti wa kwetu, asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani. Mwembe pia ni wa huko, na mkungu unaotupa kivuli ufukweni umetoka Asia. Kinyume chake, ukwaju umepewa na Waarabu jina la tende ya India, ilhali wataalamu wa mimea wanautambua mkwaju kuwa mti wa Afrika. Jina, basi, halitoshi kuwa ushahidi.

Wala si kila mti wa Afrika unafaa kila mahali pa Afrika. Milimani Usambara Mashariki, katika msitu wa Amani, uliletwa mti uitwao msizi kutoka upande wa Ziwa Victoria. Kwao ni mti mwema, lakini huko Usambara ulienea msituni ukachukua nafasi ya miti ambayo haipatikani kwingine. Mmea wa asili ni ule uliozoeana na mahali penyewe: mvua yake, udongo wake, wadudu na ndege wake.

Milima hiyohiyo ya Usambara na pwani ya Tanga ndiyo kwao ua dogo la zambarau ambalo mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ulaya katika miaka ya 1890. Leo linapambwa madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, likiwa limepewa jina la ukoo wake. Wageni walikiona chetu wakakitunza, nasi tukahangaika kukitunza chao.

Tulichopanda ni hiki. Mkunazi, ambao umekaa pwani yetu muda mrefu na huvumilia ukame, tuliuweka kwenye kona ya nyuma, kwa kuwa una miiba. Mkwaju tungeupenda, ila ni mti mkubwa unaohitaji nafasi, hivyo tulimpelekea mche huo imamu wa msikiti wetu wenye eneo kubwa zaidi. Tulipanda mfuu, ambao matunda yake meusi tuliyala utotoni. Tulipanda mjafari, mkadi, mishubiri kando ya njia, kivumbasi karibu na jikoni, na mwafu ukapanda juu ya ukuta. Mrehani wa mama na mlimau wake vilibaki palepale. Hatukutafuta usafi wa asili kwa mizani. Tulitafuta uwanja unaoweza kuishi kwa mvua ya Mwenyezi Mungu.

Nyoka, mbu na maneno ya watu

Pingamizi zilikuja, na hazikuwa za upuuzi. Ya kwanza ilikuwa nyoka. Nyoka hufuata panya na mahali pa kujificha. Kwa hiyo mimea ya karibu na nyumba iwe mifupi, njia zifagiliwe, na kusirundikwe mbao, matofali wala takataka.

Ya pili ilikuwa mbu, na jiji ambalo limepata kuugua homa ya dengi, kama ilivyokuwa mwaka 2019, lina haki ya kuogopa. Mbu huzaliana katika maji yaliyotuama. Vyungu, makopo na vifuu vya nazi vigeuzwe. Mkadi nao tuliupanda mbali na madirisha ya vyumba vya kulala, kwa kuwa makwapa ya majani yake huhifadhi maji ya mvua.

Ya tatu, iliyokuwa nzito kuliko zote, yalikuwa maneno ya watu. Mwezi wa kwanza uwanja ulionekana kama kaburi lililofukuliwa. Mgeni mmoja alituambia waziwazi kwamba watoto wa marehemu wameiacha nyumba iwe pori. Mama ndiye aliyemjibu. Alimshika mkono, akampitisha mmea kwa mmea, akimtajia jina na matumizi ya kila mmoja, mpaka mgeni akaomba kijiti cha mwafu akaupande kwake.

Tulichokipata

Mvua kubwa za vuli ya mwaka 2023, zile za El Niño, ziliujaribu uwanja wetu mapema. Zamani maji yalitelezea juu ya udongo ulioshindiliwa chini ya nyasi yakamiminika kwa jirani. Safari hii mengi yaliingia ardhini, kwa kuwa udongo ulikuwa umelimwa na kufunikwa. Kiangazi kilichofuata tulinyweshea miche michache tu iliyokuwa dhaifu. Tangi letu halikukauka, na jirani yetu bibi akija na dumu lake hujaziwa papo hapo, kwa sababu hakuna kingine kinachongojewa.

Mishubiri ilipotoa maua, chozi walikuja. Ndege hawa wadogo wenye midomo iliyopinda tulikuwa hatujawaona kwetu kwa miaka. Watoto nao waligundua juu ya mjafari viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege, na walitaka kuvitupa. Mwalimu wetu wa hisabati aliwazuia. Kiwavi yule hujifananisha hivyo akiwa mchanga ili ndege wampite, na baadaye huwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Watoto walingoja. Asubuhi moja walituamsha baada ya Sala ya Alfajiri kumwona akikausha mbawa zake.

Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Muislamu akipanda mti, chochote kitakacholiwa na ndege, mtu au mnyama huandikwa kuwa ni sadaka yake. Hadithi hii tulikuwa tukiisikia tangu madrasa. Tulidhani inamhusu mwenye shamba, wala hatukujua kwamba uwanja wa mita 12 kwa 10 mjini nao unatosha.

Mwezi wa Rajabu uliopita, nyumba ya mwisho ya mtaa wetu ilipata msiba usiku. Alfajiri kijana aligonga geti letu, akasema ametumwa kuulizia majani ya mkunazi. Tulikuwa tumekwishaamka, lakini mama alitutangulia. Alitoka na ungo mkononi, akaenda hadi kona ya nyuma, akaanza kuchuma taratibu, akiiepuka miiba, huku akimwombea baba dua.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na atujaalie tuwe wenye kuyatumia maji yake bila ya israfu. Amin.